Niliruka Zamu ya Mama Kahindo

Kosa ni langu. Naanza hivyo ili usije ukanihurumia kabla hujanisikia. Watu wa Masereka waliniita mama mwenye moyo mkubwa, nami nimeitikia jina hilo miaka yote bila kupepesa macho.

Vita vilinikuta Beni, mtaa wa Beu, nikiwa na mume na duka la mawese. Mume wangu alipigwa risasi njiani akirudi na mzigo. Nilimzika, nikapanda kwetu Masereka na nguo nilizovaa. Huko nililala tu. Mama ananiletea uji, unapoa, anautoa. Hata machozi hayakutoka. Mtu akiongea nami karibu, nilimsikia kama yuko ng'ambo ya bonde.

Kilichoniamsha ni wakimbizi. Walipanda mlimani kutoka pande za Beni wakajaa uwanja wa parokia, na wengine kati yao nilikuwa nimewauzia mawese kwa mikono yangu. Padri akatoa kipande cha ardhi ya kanisa, akasema kikilimwa kitawalisha. Asubuhi iliyofuata nilishika jembe. Mama alisimama mlangoni akamshukuru Mungu kwa sauti.

Sitadanganya: lile shamba liliniponya, au niliamini hivyo. Nilikuwa na sababu ya kuamka! Wanawake wa kirimba, kile kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu, wakanichagua niwe mkubwa wao, wakaniita Mama Prezida. Juma hili majembe yote kwa huyu, juma lijalo kwa yule. Na wakati ule kulimiana kulikuwa zaidi ya kazi. Hakuna mwanamke aliyethubutu kwenda shamba la mbali peke yake, maana wenye bunduki walipita kila njia. Wingi wetu ndio uliotulinda.

Mvua za kupandia zikafika. Ilikuwa zamu ya Mama Kahindo, turu yake kama tunavyosema kwetu.

Mume wake alikwenda kutafuta dhahabu Mangurejipa, hakurudi wala hakutuma neno. Alimwachia watoto watatu, Kahindo ndiye mkubwa. Shamba lake lilikuwa ng'ambo ya mto, karibu na msitu. Mbegu zake za viazi zilikwisha kutoa machipukizi marefu ndani ya nyumba.

Nikasimama mbele ya wote nikasema zamu zote zingoje. Kwanza shamba la wakimbizi, mpaka liishe.

"Mama Prezida," akasema Mama Kahindo, "hii turu ni yangu. Mbegu inaanza kuoza mu nyumba. Munisaidie siku moya tu, kiisha tutarudilia kazi ya bakimbizi."

"Batu balikimbia mikono mutupu, weye unawaza shamba yako tu?"

"Na batoto yangu? Bo hapana batu?"

Wanawake wakainamisha vichwa. Nilijua ana haki. Nilijua! Lakini siku nisipolima lile shamba, ule ubaridi ulinirudia kifuani, na niliuogopa kuliko bunduki. Siri yenyewe ndiyo hiyo. Mdomoni nilisema wakimbizi, wakimbizi, kumbe aliyekuwa na njaa ya lile shamba ni mimi.

Nikamwambia, "Roho yako ni kidogo sana. Lakini ujue, Mungu anaona." Nilisema hivyo mbele ya watu.

Kesho yake akabeba kikapu cha mbegu mgongoni, kamba kichwani, akavuka mto peke yake. Jirani alimwona akamwita arudi. Akamjibu, "Nikingoya, tutakula nini?"

Hakurudi. Wanaume walimkuta shambani amepigwa risasi, na nusu ya kikapu ilikwisha kupandwa. Hatukujua ni watu wa kundi gani. Siku zile hakuna aliyeuliza sana.

Baada ya mazishi kirimba kizima kilivuka mto, na wanaume wachache wa kutusindikiza, tukamalizia shamba lake. Sikiliza vizuri hapa. Tulimaliza kabla jua halijawa kali. Asubuhi moja! Hiyo ndiyo niliyomnyima.

Na bado sijafika kwenye baya zaidi. Kwenye kilio, mama mkwe wake aliuliza, "Juu ya nini alienda yeye moya?" Wanawake wote wakanitazama. Nikasema, "Tulimuambia angoye. Alikatala." Sikutaja kwamba zamu ilikuwa yake. Hakuna aliyenipinga, maana kila mmoja alikuwa amenyamaza siku ile ya mkutano, na uongo wangu uliwafunika nao pia. Yule bibi akatikisa kichwa, akasema, "Ni kweli, alikuwa na kichwa nguvu." Kahindo alikuwa amekaa mkekani pembeni yake, anasikia yote.

Shamba la wakimbizi lilizaa sana. Padri alinisifu kanisani, wamama wakapiga vigelegele. Nilisimama pale, sikusikia furaha, sikusikia aibu. Tukagawa mavuno, na wale watoto watatu wa marehemu walikuwa kwenye mstari. Nilimjazia Kahindo beseni.

"Aksanti, Mama Prezida," akasema kwa adabu.

Nikasema, "Mwingine apite."

Vita vikaisha, au ndivyo tulivyoambiwa. Nikashuka Butembo, nikaanza kuuza viazi na vitunguu vya majani pale soko la Kimemi. Miaka ikapita, Kahindo naye akaja, mwanamke mzima, akaweka meza yake karibu na yangu. Tuligawana chumvi, mvua ikinyesha tuligawana turubai. Aliniita mama. Nami niliitika, Mungu wangu, niliitika!

Siku moja mvua ilikuwa inapiga, binti yake mdogo akakataa kungoja ikatike, akatoka mbio. Kahindo akamfokea, "Weye! Utakufa juu ya kichwa nguvu, sawa koko yako!"

Koko, yaani bibi. Alimsema mama yake mzazi.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikamweleza yote: zamu iliyorukwa, lile neno nililomtukania mama yake, uongo wa kwenye kilio. Aliendelea kufunga vitunguu kwa kamba za mgomba, fungu baada ya fungu. Nikadhani hajanisikia. Mwishowe akauliza:

"Donc, basi ilikuwa turu yake?"

"Ndiyo. Ilikuwa turu yake."

"Na banamuke bote balijua?"

"Bote balijua."

Akakusanya vitu vyake. Siku hizi anauza upande wa pili wa soko. Tukikutana ananisalimu kwa heshima, lakini neno mama limekwisha. Bibi yake, yule mama mkwe wa marehemu, alikufa zamani akiwa na uongo wangu kichwani, huyo siwezi tena kumwendea. Nikipanga vitunguu vyangu naona ile nafasi iliyo wazi kando yangu. Kulia bado sijalia. Majuto ni mjukuu, wanasema, na wangu ananijia kila asubuhi ya soko, nami namtazama tu.

Wewe unayesoma, ukipata kazi kubwa ya kukuinua kitandani, ishike. Sikukatazi. Bila lile shamba labda nami ningezikwa karibu na mume wangu. Lakini ukimulika nyoka, anza miguuni pako. Tazama ni nani anayeumia ili wewe usifiwe. Mtu wa karibu akikuuliza, "Na mimi je?", usimwite mwenye roho ndogo, ole wako! Chukua jembe, umfuate shambani kwake. Wakimbizi wangeweza kungoja asubuhi moja. Yeye hakuweza, na alituambia kwa mdomo wake, tukimtazama sote.