Novena ya Tumbo Tupu

Mjukuu wangu wa kike alikuwa na miaka minne nilipoamua kumpeleka Misa ya asubuhi siku tisa mfululizo, bila kula. Padri hakuniagiza. Mama yake hakutaka. Uamuzi ulikuwa wangu.

Alipokuwa mchanga macho yake yalikuwa yakirukaruka pande zote, kama anayefuata nzi ambaye sisi hatumwoni, na kichwa kikiyafuata macho. Alichelewa kutembea. Alipotembea, aliyumba juu ya mawe meusi ya uwanja wetu, na maneno yalimtoka mazito. Kisha kikaja kifafa, na vidonge havikukizuia. Nikasema mbele za watu kwamba ugonjwa umetoka kwa wajomba zake. Upande wetu damu ni safi.

Asubuhi ya kwanza alianguka wakati wa masomo. Ya pili, kabla ya komunyo. Ya tatu, mlangoni mwa kanisa. Lakini tukirudi nyumbani mama yake alimpa uji, na kikombe hakijaisha mtoto anacheka. Mimi niliona ushahidi: pepo anaogopa altare. Mama mmoja wa benchi letu alininong'oneza, "Muzee, usichoke. Iko karibu kutoka."

Siku ya nne mke wa mwanangu alisimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Papa, muache akunywe kwanza."

"Unataka kulisha shetani?"

"Shetani gani anashibaka na uji, Papa?"

Jirani aliyekuwa akifagia alicheka. Kwa ile aibu niliumwaga uji chini, nikamshika mtoto mkono, tukaondoka.

Siku hiyo alianguka tena kanisani, na mtetemeko haukuisha. Baraka ilitolewa, watu wakatoka, naye bado anatetemeka kwenye sakafu, midomo imekuwa rangi ya majivu. Nilimwita kwa jina lake, nikasahau sala zote. Mama yake alifika akikimbia, akamkumbatia, tukapanda pikipiki moja hadi hospitali.

Walipomtuliza, daktari aliuliza mashambulio huja saa gani, kabla ya kula au baada. Mama alijibu yote. Kisha wakachukua maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Sukari ya damu ilikuwa ya kawaida. Ndani ya maji yale ilikuwa kidogo mno. Daktari akatueleza polepole: sukari inashindwa kuvuka kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo. Ubongo wa mtoto huyu una njaa hata akiwa ameshiba, na akifunga inazidi. Ni ugonjwa adimu, mtu huzaliwa nao, na unaweza kurithiwa.

"Ku famille yenu, kuna mutu mwenye miguu inakazaka akitembea sana na njaa?"

Tangu ujana, nikitembea kutoka Kiwanja hadi Rumangabo bila kula, mguu wangu wa kuume ulikuwa ukijipinda kwa ndani na kukaza kama gogo, hadi nikae nitafune muwa. Sikuwahi kumwambia mtu.

"Hapana, docteur," nilisema. Mke wa mwanangu aliinamisha kichwa.

Daktari alinituma mimi na mke wa mwanangu kutafuta dawa nje ya hospitali. Nilikuwa nimefunga mimi pia tangu jana. Hatukufika mbali, mguu ukajipinda. Nikashika ukuta, nikijifanya natazama magari. Akatoa ndizi kwenye mfuko wake.

"Kula, Papa. Ule mguu ninauonaka tangu niingie kwenu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angenisikia?" Akangoja nimeze. "Turudi kwa docteur."

"Watu watasema nini?"

"Mutoto akikufa, watasema nini?"

Tulirudi. Nilivua kiatu nikamwonyesha daktari mguu, nikasimulia mbele ya mwanangu, aliyekuwa amefika. Hakunitazama.

Sasa msichana wetu hula avokado, mayai na mafuta mengi, maana daktari alisema mafuta huweza kuulisha ubongo wake badala ya sukari; sukari karibu hakuna, na huanguka mara chache. Maneno aliyokuwa nayo kabla ya asubuhi ile hayajarudi yote. "Babu" halijarudi.

Ana mdogo wake, wa miezi mitatu. Kila asubuhi, kabla hajanyonya, namwomba mama yake nimshike kidogo. Namgeuza kuelekea dirishani, natazama macho yake, kama yametulia. Mama yake anasubiri nimrudishie, anyonye.