Picha Zilizokuwa Kwa Githae

Mimi naitwa Ngina, karani wa rekodi katika kiwanda cha sosi ya nyanya hapa Thika. Mkiona nimeanza na hasira mnisamehe. Hii habari ya Ephantus siwezi kuisimulia nikiwa mpole, na nimejaribu.

Ephantus ndiye alikuwa mtu wetu wa boila kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa anatoka Gatuanyaga kila alfajiri na pikipiki yake mwenyewe, anafika na vumbi mpaka kwa nyusi, ananawa kwa mfereji wa getini, na kabla hajamwambia mtu yeyote habari, anaenda kuangalia geji. Boila ndiyo inatoa mvuke wa kupika nyanya, na presha ikipita alama, hiyo kitu inaweza kuua watu. Kwa hivyo anasoma geji, anafungua valvu ya usalama aone kama inapumua, halafu anapiga picha. Na si picha ya geji peke yake. Anashika kando yake karatasi ya siku hiyo aliyochana kwa kalenda ya ukutani, ile ya tarehe na mstari wa Biblia, ndiyo mtu asije kusema ni picha ya jana. Nilikuwa namchokoza, "Mzee, hata siku ya harusi yako hukupigwa picha kwa makini hivi."

"Harusi hailipuki," ananijibu, bila hata kucheka.

Hiyo picha anaituma kwa grupu ya kazi, kwa ile programu ya kuchati ambayo kampuni ilituwekea kwa simu. Ukishatuma, picha inajihifadhi yenyewe mahali pengine, kwa ghala la mafaili la kampuni, ambalo sisi tunaliita Stoo. Simu ya Ephantus ni ndogo na inajaa haraka, kwa hivyo akishatuma anafuta. Alijua kampuni imemwekea. Mtu akikuambia amekuwekea kitu, si unamwamini?

Sasa nieleze shida ilitoka wapi. Sisi watu wa huku hatujui kuita mahali kwa namba. Duka ni kwa Kiama, steji ni kwa Mutisya, na Mutisya mwenyewe alihama zamani. Chumba cha boila kiliitwa Kwa Githae, kwa sababu Githae ndiye alikuwa msimamizi, na grupu ikafunguliwa kwa jina hilo. Mwezi wa tatu Githae akastaafu, akaenda Theta kufuga kuku. Okello akachukua nafasi yake, na kabla ya wiki kuisha kiwanda kizima kilikuwa kinasema Kwa Okello. Nikabadilisha jina la grupu, mimi na hivi vidole vyangu. Lakini Stoo haikusikia. Grupu ikawa Kwa Okello, folda ikabaki Kwa Githae, na picha za Ephantus zikaendelea kuingia humo kila asubuhi. Niliiona hiyo tofauti. Nikasema nitairekebisha siku nikipata nafasi.

Jumanne moja bomba la mvuke likapasuka. Hakuna aliyeumia, tunashukuru Mungu, lakini kazi ilisimama siku tatu, nyanya zikaoza uani mpaka majirani wakalalamika. Bosi wetu Rajiv akataka kujua kama boila ilikuwa inakaguliwa. Swali likaenda ofisi kuu ya Ruiru, kwa Madam Sapna, mkuu wa wafanyakazi. Akafungua Stoo, akaona folda imeandikwa Kwa Okello, akaingia. Tupu. Akafungua grupu, na kila mahali palipokuwa na picha akakuta kisanduku cha kijivu: faili haipatikani. Akaandika kwamba hakuna ushahidi wa ukaguzi hata wa siku moja. Okello akajitetea, akasema alikuwa anamwona mzee kwa macho yake kila siku, na hilo bomba yeye na mzee walikuwa wameomba libadilishwe. Ruiru wakamwambia yeye ni rafiki ya mzee, hawezi kuwa shahidi.

Ephantus akasimamishwa kazi. Akaambiwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa nne, afike Ruiru na picha zake, ama aende nyumbani moja kwa moja.

Hiyo Ijumaa mimi nilikuwa kwa kompyuta tangu saa moja, najiuliza mbona Kwa Okello iko tupu. Saa tatu na nusu ndiyo nikakumbuka ile folda ya zamani, nikampigia Sapna.

"Madam, hiyo folda ya Kwa Okello ni nani aliitengeneza?"

"Ni mimi. Mlipobadilisha jina niliona grupu haina folda ya jina lake, nikaifungulia moja."

Aki ya Mungu, nilitaka kupiga nduru. Umefungua folda yako mwenyewe, haina kitu kwa sababu ni wewe umeifungua, halafu unamfukuza mzee wa watu kwa sababu haina kitu! Nilijizuia. Nikamweleza polepole kwamba grupu ikibadilishwa jina, folda haifuati.

"Kwa hivyo picha ziko wapi?"

"Ziko Kwa Githae."

"Ngina, mimi sioni folda ya Kwa Githae."

Nikaangalia. Hata mimi sikuiona. Nikatafuta juu mpaka chini, nikatafuta kwa tarehe, hakuna. Damu ikanipanda kichwani. "Nyinyi watu wa Ruiru mmeifuta!" nikamwambia. "Mnakaa huko kwa viti vya kuzunguka, boila hamjawahi kuiona hata kwa ndoto, halafu mnafuta vitu vyetu!"

"Hapa hakuna mtu anafuta vitu vya Thika," akasema, na sauti yake ikawa baridi. "Na mzee ameshafika. Naingia kwa mkutano."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kweli. Nikakumbuka Stoo ina pipa la taka, na hilo pipa linaonyesha kila kilichotupwa, siku, na jina la aliyetupa. Nikalifungua kwa furaha, nisiwadanganye. Nilitaka nimshike mtu wa Ruiru na jina lake, nimpelekee Rajiv kwa sahani.

Ilikuwa pale katikati. Folda: Kwa Githae. Siku: Jumatano. Aliyefuta: Ngina.

Woi. Nyani haoni kundule. Jumatano ile, siku moja baada ya bomba, kiwanda kilikuwa kimesimama na sikuwa na kazi. Ruiru walikuwa wametuma ujumbe kwamba Stoo imejaa, tupunguze folda za watu walioondoka. Nikajitengenezea chai, nikashuka na ile orodha. Wayua wa kufunga chupa, ameolewa Machakos, futa. Indravadan, mhasibu wa zamani, ameondoka, futa. Githae, yuko Theta na kuku zake, futa. Sikufungua hata moja. Na jina la grupu ni mimi nilibadilisha! Katika kampuni nzima, mtu aliyejua kilichokuwa ndani ya hiyo folda ni mimi peke yangu.

Nikabonyeza irudishwe. Picha mia nne na kumi na mbili zilirudi zikijikokota, na mimi nazitukana moja moja. Saa tano na dakika tano zikaisha. Nikampigia Sapna, sikungoja hata salamu.

"Angalia sasa."

Nikasikia kipanya chake kikilia. "Naziona," akasema. "Zote ziko. Hata ya Jumanne yenyewe. Presha ilikuwa sawa."

"Basi mwambie mzee!"

"Ngina, ameshaenda. Alisaini barua ya kuacha kazi saa nne na nusu. Alisema afadhali aondoke mwenyewe kuliko kuandikwa mwongo." Halafu akauliza, "Ni nani alikuwa amezifuta?"

Ningeweza kusema ni mtandao. Kila mtu husema ni mtandao, na hakuna anayeuliza zaidi.

"Ni mimi, Madam."

Alasiri Rajiv mwenyewe aliniita akaniambia barua ataichana, mzee arudi Jumatatu. Mimi alinipa onyo la maandishi, nikasaini bila kubishana. Halafu nikampigia Ephantus. Nilisikia mbuzi, alikuwa ameshafika Gatuanyaga.

"Mzee, picha zimepatikana. Zote. Ni mimi nilizifuta, bila kuangalia. Nisamehe. Bosi anasema urudi Jumatatu."

Kwanza akafukuza mbuzi.

"Mwambie Rajiv asante," akasema. "Kurudi, hapana."

"Lakini mzee, si sasa wanajua..."

"Jana jioni mama watoto aliniuliza, Ephantus, kwani kweli ulikuwa unaiangalia hiyo kitu? Tumeoana miaka ishirini na sita, Ngina. Na yeye akaniuliza." Akakohoa. "Nitumie moja. Ile ya Jumanne. Nataka kumwonyesha."

Nikamtumia. Nilikaa na simu mkononi, kazi sikuweza. Baada ya dakika kumi hivi akaandika neno moja.

"Ameona."