Shangazi Alipokuja Kumchukua Mdogo Wangu

Tulipomzika mama, baba akiwa ametangulia, jamaa walikaa kwenye hema kutugawana. Shangazi alimtazama dada yangu mdogo, aliyezaliwa na miguu migumu, akasema, "Huyu abaki huku kwa bibi. Nairobi, mtu asiyesimama atamlemea nani?"

Nikasema atanilemea mimi. Shangazi akanipa hadi Krismasi: asiposimama, atampeleka kwa bibi. Niliacha shule, nikarudi naye Nairobi, mtaa wa Shauri Moyo, nikiwa na nia moja: asimame mbele ya Shangazi.

Kliniki ilikuwa mbali, kwa hiyo fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alitufundisha kwa simu ya video. Siku ya kwanza aliniona nimemshika mtoto makwapani, akacheka. "Dada, hapo umesimama wewe! Mwache ashike kiti. Na simu iweke chini, nataka kuona visigino, si sura zenu."

Nikaiegemeza kwenye sufuria. Mdogo wangu akichoka, nilimnong'oneza, "Shangazi anakuja." Aliuma meno, akasukuma, na miguu ikakakamaa kabisa.

"Unamwambia nini?" fizio akauliza. "Akikasirika misuli inajifunga. Mchekeshe."

Basi hasira nikabaki nayo peke yangu. Nikawa namwigiza Shangazi anavyotembea, kifua mbele, mkoba kwapani. Mtoto alicheka hadi magoti yakalegea, na katika kicheko hicho akajifunza kujiinua.

Desemba Shangazi akaja na begi la kumfungashia nguo. Mdogo wangu akashika kiti, akainuka polepole, akamsalimia.

"Bwana asifiwe!" Shangazi akapiga kelele. "Nimemwombea huyu mtoto!"

Hakuwahi hata kupiga simu.

Kwetu chai hainywewi kabla ya maombi, na mgeni mkubwa ndiye huombwa kuongoza. Shangazi alisimama, akafumba macho, akangoja nimkaribishe. Nikamwambia mdogo wangu, "Tuombee."

Aliomba akiwa wima, tena bila haraka. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya fizio, kiti, sufuria na majirani waliotuwekea bando la intaneti kwenye simu. Shangazi hakutajwa. Sasa yeye ndiye aliyechoka kusimama, akashika meza. Nilifumbua jicho moja nimwone vizuri.

"Amina," Shangazi akasema kwa sauti ndogo. Kisha, "Basi abaki na wewe. Lakini umekuwa mkali, binti yangu."

"Nimekuwa, Shangazi," nikasema, nikammiminia mdogo wangu chai kwanza.