Geti la Rimoti Lililowafungia Wakwe Nje

Jamani, kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Shetani hakuwa na rimoti. Mwenye rimoti nilikuwa mimi!

Miaka ile bidhaa za Dubai zilipoanza kumiminika, nilikuwa ofisa mdogo wa serikali hapa Dodoma, lakini makuu yangu, we! Nikaweka geti la umeme nyumbani kwangu Area D, pamoja na kisanduku cha kuongelea. Mgeni anabonyeza nje, mimi namjibu nimekaa sebuleni. Majirani walikuja kushangaa. Nikavimba kichwa!

Basi kisanduku kikawa cha kufukuzia wageni. Nikisikia sauti ya ndugu tu, nabana pua: "Wenyewe wamesafiri."

Jumamosi moja mke wangu aliaga anakwenda sokoni. Nipo na rafiki yangu tunapiga soga, kisanduku kikalia.

"Hodi! Ni sisi wa Kolo."

Baba mkwe! Nikabana pua. "Wenyewe wamesafiri. Rudini mwezi ujao."

Kisha nikamgeukia rafiki yangu, kidole bado kiko kwenye kitufe. "Wakwe zangu hao. Wakiingia hawatoki, na wanakula kama nzige!"

Tukacheka. Halafu kisandukuni ikatoka sauti ninayoijua.

"Baba Neema, fungua geti."

Mke wangu! Kumbe alikwenda stendi kuwapokea, akanificha kwa kuwa ananijua.

Nikarukia rimoti. Wapi! Umeme ukakatika papo hapo, na ufunguo wa dharura sikumbuki nilikoutupa.

Nikaegemeza ngazi, nikapanda ukuta wenye vipande vya chupa. Suruali ikachanika! Nikachungulia: majirani wamejaa, mama mkwe amekumbatia kuku, machozi yanamtoka.

"Shikamoo, baba."

Mzee akainua uso. "Marahaba, mwanangu. Umerudi salama safarini?"

Wakageuka wakaondoka, mke wangu akiwa nao. Ndipo rafiki yangu aliponiuliza kama bado nacheka.

Baadaye nikaambiwa walikuwa wamemleta mama mkwe hospitali, jicho linamsumbua. Kwa uchungu ule, wakarudi naye nyumbani hivyohivyo.

Nilikwenda ukweni Kolo na wazee kuomba radhi, nikatozwa mbuzi. Mke wangu alirudi. Jicho la mama halikurudi. Lilikwishaingia giza mimi nikiwa bado natafuta maneno ya kujitetea.

Wenzangu, nunueni mitambo yote mnayoitamani. Lakini mkwe akipiga hodi, inuka kitini, kamfungulie kwa mkono wako mwenyewe!