Kibanio cha Klarineti Wiki ya Msiba

Mke wa mwalimu wangu wa klarineti alipofariki, mwalimu alinipigia simu jioni ya siku ya pili. Ibada ya kumuaga ingefanyika Ijumaa kanisani, kabla ya mwili kusafirishwa kwenda kwao Magharibi.

"Nilitaka kumpigia ule wimbo alioupenda," alisema, "lakini pumzi haipandi. Nitakuomba wewe, binti yangu."

Nilisema sawa, Mwalimu, nitapiga. Simu ilipokatika nikabaki nimesimama katikati ya chumba bila kujua nilikuwa nikielekea wapi.

Mwalimu ni fundi mstaafu wa reli. Alinifundisha sebuleni kwake tangu nikiwa shule ya msingi, kila Jumamosi, katika nyumba ya zamani yenye jikoni nyuma ya pazia. Mkewe alikuwa upande wa pili wa pazia hilo, akisonga ugali au akichambua mboga, na sikumbuki hata siku moja aliyonisifu. Alikuwa akileta chai, anaweka kikombe mezani, anasema, "Punguza makali, mama. Sauti yako inaingia kama sindano." Kisha anarudi jikoni. Nilimaliza shule, nikaajiriwa ukarani katika kiwanda kimoja Industrial Area, nikaolewa, nikahamia Kware, naye bado alikuwa akiniambia hivyo hivyo.

Sasa maneno hayo hayakuniacha. Nilitoa klarineti kwenye sanduku, nikapiga mistari miwili ya wimbo wake, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sindano yenyewe. Ilikuwa kwenye noti za juu. Ilikuwa kweli.

Mimi si mtu wa kutulia. Nikishapata kosa, lazima nilitafute lilikotoka. Nilianza na ulimi wa mwanzi, ule unaotetemeka mdomoni na kutoa sauti. Nikabadilisha ulimi, sindano ikabaki. Basi nikakigeukia kibanio, ule mkanda mdogo unaoufunga ulimi kwenye mdomo wa klarineti. Changu kilikuwa cha chuma, chenye skrubu mbili. Nikajiambia ni hicho. Chuma kinagusana na mwanzi, kinauchochea, sauti inatoka nyembamba na kali. Nilihitaji kitu laini.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nilifungua skrubu zote mbili, nikakitoa kibanio, nikafunga ulimi kwa uzi wa kushonea magunia, nikiuzungusha kwa kukaza, duara juu ya duara. Sauti ilijaa, ikawa nene, lakini uzi ulilegea kila ulipopata mate, na ulimi ukateleza pembeni. Nikaufungua, nikaufunga upya. Nilichelewa kazini.

Wakati wa chakula cha mchana nilivuka kwenda Mukuru kwa Njenga, ambako mjomba wangu, ndugu ya mama, huchonga vinyago vyake nyuma ya nyumba. Nilimwonyesha mdomo wa klarineti nikamweleza.

"Unataka pete ya mti?" aliuliza.

"Ndiyo, mjomba. Ikae hapa, ibane kidogo tu."

Alinitengenezea pete ya mpingo, nzuri ya kuvaliwa kidoleni na malkia. Niliipachika, nikapuliza, hakuna kilichotoka. Ilibana mwanzi kila upande hata usiweze kupumua. Mjomba akaipunguza kwa msasa, nikapuliza tena, ikatoka sauti tamu kabisa, kisha pete ikapasuka. Alicheka hadi akaketi chini. Mimi sikuweza kucheka.

Jioni nilimpitia fundi viatu aliye chini ya ghorofa yetu. Akanikatia ukanda kutoka kwenye mpini wa mkoba wangu wa zamani, akautoboa, nikaukaza kwa skrubu za kile kibanio cha chuma. Ngozi. Noti za juu zilipoa. Niliruka chumbani kama mtoto. Baada ya dakika chache nikaanza kuona kwamba noti za chini nazo zilikuwa zimekuwa nzito, zinachelewa kuamka. Nikarudisha chuma. Nikarudisha ngozi.

Mume wangu alikuwa akitazama habari. Akapunguza sauti ya runinga.

"Unatafuta nini hasa?"

"Geuka, tazama ukutani," nikamwambia. "Nitapiga mara mbili, uniambie ipi ni laini."

Nilipiga kwa ngozi. Nikapitisha muda kana kwamba nabadilisha, nikapiga tena kwa ngozi ile ile.

"Ya pili," alisema bila kusita. "Ya pili ni laini sana."

Nilimwambia masikio yake hayana kazi. Akaniambia nami nikae chini, nile, kwani tangu Jumanne sikuwa nimekaa mezani. Ilikuwa kweli. Nilikula nimesimama dirishani, nikitazama nguo za majirani zikiyumba kwenye kamba za ghorofa ya mbele, na vidole vyangu vikipiga noti kwenye ukingo wa sahani.

Ijumaa nilifika kanisani mapema nikiwa na vibanio vyote mfukoni. Nje, kando ya ukuta, nilifunga uzi, nikautoa, nikafunga chuma, nikakitoa. Wanakwaya walipita wakinitazama. Jeneza lilipoingia nilikuwa na ngozi, kwa sababu tu muda ulikuwa umekwisha.

Nilipoitwa, noti ya kwanza ilichelewa, kama nilivyoogopa. Nilipuliza, kukawa kimya kidogo, kisha ikaja. Niliendelea. Kufikia mstari wa pili waombolezaji walikuwa wameanza kuimba, kina mama wa mbele wakilia na kuimba pamoja, na mimi sikuisikia tena klarineti yangu. Niliisikia mdomoni tu, ikitetemeka kwenye meno. Mpaka leo siwezi kusema ilitoa sauti gani.

Baadaye mwalimu alinishika mkono kwenye mlango wa basi la kwenda mazishini. Macho yalikuwa mekundu.

"Umekula?" aliniuliza.

"Bado, Mwalimu."

"Kula," alisema, akapanda.

Aliporudi kutoka mazishini nilimtembelea Jumamosi iliyofuata. Nyumba ilikuwa tupu sana. Pazia la jikoni lilikuwa limefungwa pembeni, na mwalimu mwenyewe ndiye aliyetia chai, akaijaza sukari kupita kiasi. Sikujua pa kuweka mikono, basi nikatoa vibanio nikavipanga mezani, nikamsimulia wiki yote: uzi, mpingo uliopasuka, mume wangu na ukuta.

Alivigusa kimoja kimoja. Alikichukua cha ngozi, akakigeuza.

"Hiki unakikaza hivi?" Akaonyesha alama ambazo skrubu zilikuwa zimechora. "Unauua mwanzi. Hata chuma, ukikilegeza, kitakuwa na adabu."

Kisha akainuka, akatoa klarineti yake kabatini, akafunga ngozi ile polepole, akaulowesha mwanzi mdomoni. Akapanda noti kutoka chini. Akakatika katikati, akakohoa, akafuta mdomo kwa kitambaa, akaanza tena.