Kaseti ya Mama na Siri za Hajji

Mkitaka kucheka, chekeni tu, mimi nimezoea, maana mpaka leo nikipita mtaa wa Chechelesi kuna wazee wananinong'oneza "kibuyu" halafu wanaenda zao.

Nilikuwa karani wa Hajji, mnunuzi wa ng'ombe hapa Isiolo, kazi yangu kupokea redio kol, ile simu ya upepo, kutoka kwa watu wetu wa Sericho, na kwa vile washindani walikuwa wakijifanya watu wetu na kuita lori letu mahali hakuna hata ndama, Hajji akaweka neno la siri la kila siku, asiyelitaja hapelekewi lori. "Shika kwa kichwa," akaniambia, "usiandike popote." Sasa kichwa changu (muulizeni mke wangu) hakishiki kitu. Nikajiambia, amekataza kuandika, hajakataza kurekodi. Nilikuwa na redio kaseti yangu, na ndani kaseti aliyonitumia mama kutoka Biliqo, kwa sababu yeye hasomi, badala ya barua anaongea, salamu za mbuzi mmoja mmoja, hata upande wa pili nilikuwa sijausikiliza. Mwisho wa upande wa kwanza palibaki nafasi, nikanong'ona humo maneno ya wiki nzima.

Jumamosi binamu yangu alioa, akaazima redio, nikampa na kaseti iko ndani. Watu wanakula pilau, Hajji amekaa na washindani wake wote, mara mama yangu, ndani ya redio, anauliza kwa sauti kubwa kama lile jipu langu la makalioni limepona. Nikaanza kukimbia na sinia mkononi. Kabla sijafika, nikajisikia mwenyewe: "Jumatatu, kwato. Jumanne, kibuyu. Kibuyu, wewe, usisahau." Mshindani mmoja akafuta mkono, akatoa kalamu.

Hajji hakupaza sauti. "Kazi unataka ama hutaki?"

"Nataka, Hajji."

"Basi hiyo kaseti inafutwa yote."

"Hajji, ni sauti ya mama."

"Yote. Sijui umenong'ona nini kingine humo."

Akabonyeza rekodi mwenyewe, akakaa nayo na tasbihi yake, upande wa kwanza, halafu wa pili. Niliumia sana, na niliona haya kumwambia mama kwamba sikumsikiliza upande wa pili. Nikaomba ruhusa, nikapanda lori hadi Biliqo, nimuulize kwa ujanja alisema nini.

Jirani yake akanishangaa. "Si mama yako ameenda Isiolo jana? Kwani hukusikia kaseti? Alisema umngoje."

Nikarudi na vumbi mpaka kwenye meno, nikamkuta mama ofisini anakunywa chai na Hajji, anamsimulia ule upande wa pili alioufuta, tangu mwanzo. Siri za tajiri sijaziweka tena kwa kitu changu. Siku hiyo nilikaa chini nikasikiliza yote, mpaka mbuzi wa mwisho.