Wageni wa Kulala

Jumapili iliyopita nilimwambia dereva wa bajaji, "Nisubiri hapahapa, sikawii," nikaingia kwa bibi yangu, Mbagala. Laiti ningemlipa aende zake.

Unakumbuka, rafiki yangu, enzi zile? Kutoka kwetu Sinza hadi Mbagala ilikuwa safari ya kuogeshwa na kupakwa mafuta tangu alfajiri. Unapanda gari hili, unashuka, unapanda lile, halafu mchanga unakuchoma nyayo mpaka uuone ua wa makuti wa bibi. Ukifika umefika, nani angetaja kurudi siku hiyo? Bibi alizikusanya kandambili zetu akazisukuma uvunguni, eti nazo zipumzike. Punde tunasikia kinu, kisamvu kinatwangwa, na jirani anakuja na kigoda chake kuuliza habari za Sinza utadhani ni ng'ambo. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema huku akijisogeza kwenye sinia. Usiku tulibanana mkekani tukicheka mpaka bibi agonge ukuta.

Siku hizi lami imefika karibu na mlango wake. Nilipanda basi la mwendokasi, nikamalizia na bajaji, hata jasho halikunitoka. Na bado sikuwa nimekanyaga pale tangu Idi ya mwaka juzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Vua viatu. Wali umeiva, kisamvu bado kidogo tu."

Kwa mlango wa chumbani niliona kitanda kimetandikwa shuka jipya, lenye mikunjo ya dukani bado.

"Bibi, mie sikai. Bajaji inanisubiri."

Bibi alijikongoja hadi nje, akamwita dereva. "Baba, umekula?"

"Bado, bibi."

"Una haraka?"

"Mie? Sina haraka, bibi yangu."

Akazima injini, akavua kandambili mlangoni, akaketi mkekani kana kwamba amezaliwa pale. Nami nimesimama na viatu vyangu miguuni, funguo za nyumbani kwangu mkononi, bila usafiri. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Wageni wa kulala wamekwisha katika nyumba ile, na tuliowamaliza ni sisi tuliokuwa tukilala.

Bibi aliinama polepole, akaziokota kandambili za dereva, akaingia nazo chumbani. Nikazisikia zikisukumwa uvunguni, chini ya kitanda alichonitandikia mimi.